Pengo tulilolijenga Septemba limeanguka Machi: tulikosea wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, sasa ni muuguzi huku Yorkshire, Uingereza. Jumamosi mbili za kila mwezi najitolea na kikundi kinachojenga upya kuta za mawe makavu, zile za mashambani zisizo na saruji wala udongo. Septemba iliyopita, watu tisa, tulijenga pengo la mita 4, yaani sehemu ya ukuta iliyokuwa imeanguka, kwa Jumamosi mbili. Tulipiga picha, tukala keki, tukaondoka tumefurahi. Machi tumerudi tukakuta ukuta umetoa kitambi upande wa bondeni na karibu nusu yake iko chini. Kiongozi wetu anasema ni baridi tu, mwaka huu ilikuwa kali. Mwenye shamba anataka safari hii tutie saruji. Mimi naona aibu. Nimeambatanisha picha nne. Tulikosea wapi, na tukirudia tufanyeje?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Aibu iweke pembeni kwanza. Ukuta wangu wa kwanza huko Uingereza ulilala chini kabla ya Krismasi. Mwenye shamba hakunigombeza. Aliniita chai, tukanywa, akanisimulia habari za kondoo wake, kisha akanitembeza taratibu mpaka pale ulipokuwa. Hakusema neno. Nilikuwa nimefika nchi ile na miaka 11 ya uashi wa pwani, mawe ya matumbawe na chokaa, nikiamini jiwe ni jiwe popote. Kumbe nilichokuwa nakijua ni kubandika. Kupanga nilikuwa sijui.

Picha zako nimezikuza na kuzitazama jioni mbili. Nitakwambia ninachokiona, lakini tuanze na kiongozi wenu na baridi yake.

Baridi hiyo hiyo iliupitia ukuta wa zamani ulio kushoto na kulia kwa pengo lenu, na wenyewe umesimama. Kuta nyingi za huko zilijengwa kati ya miaka ya 1750 na 1850, Bunge la Uingereza lilipokuwa likipitisha sheria moja baada ya nyingine za kuyakatakata malisho ya pamoja ya vijiji na kumpa kila mwenye haki kipande chake. (Maskini wengi walitoka mikono mitupu, lakini hiyo ni hadithi ya siku nyingine.) Ndani ya hifadhi ya Yorkshire Dales peke yake kuna zaidi ya kilomita 8,000 za kuta hizi. Zimeona majira ya baridi 170, 200 na zaidi. Kwa hiyo baridi tusiitoe kesini, ila tuulize ilipoingia kwenye ukuta wenu ilikuta nini.

Ilikuta udongo. Tazama picha ya pili, pale ukuta ulipofunguka na kuonyesha tumbo lake. Kati ya mawe ya uso wa huku na mawe ya uso wa kule pamejaa kitu cheusi chenye unyevu, na majani mawili matatu yameanza kuota humo. Huo ni udongo, pamoja na chenga za mawe na mizizi. Najua ulivyofika pale, kwa sababu nimeliona jambo hili kwenye vikundi vingi. Jioni inakaribia, tumbo la ukuta liko tupu, pembeni kuna lundo la kifusi kilichotoka kwenye ukuta wa zamani, na mtu mmoja mwenye nguvu na moyo mwema anachukua chepe. Mara tatu, nne, tumbo limejaa. Linaonekana limejaa.

Ukuta wa mawe makavu ni kuta mbili nyembamba zinazoegemeana. Chini zimeachana, huko kwenu kama sentimita 70 au 80, na juu zimekaribiana mpaka 35 au 40. Kinachozizuia zisidondokeane ni mawe madogo yaliyo kati yao, mawe ya kujazia, ya ukubwa wa ngumi hadi nusu tofali. Mawe hayo yakiwa safi, mvua inaingia juu na kutokea chini, haina pa kukaa. Yakiwa udongo, maji yanakaa kama kwenye sifongo. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, nayo hayana pa kutanukia isipokuwa kuzisukuma nyuso za ukuta. Asubuhi jua linatoka, barafu inayeyuka, udongo unashuka kidogo na kujishindilia chini. Nyuso hazirudi zilipokuwa. Usiku unaofuata mchezo ule ule. Hesabu usiku wa barafu kati ya Novemba na Machi, utaelewa kwa nini kitambi kimetokea usawa wa goti, na kwa nini kimetokea upande wa bondeni, ambako hakuna cha kukizuia.

Udongo ndio ugonjwa mkubwa. Hata hivyo, mngejaza mawe safi kwa chepe bado msingepona. Jiwe la kujazia huwekwa kwa mkono, moja moja, kila safu inapopanda. Unaweka jiwe la uso, unalitikisa. Likicheza, unatafuta kijiwe chembamba, unakitia kabari kutoka nyuma, kamwe si kutoka mbele, maana kabari ya mbele hutoka yenyewe ukuta unapotulia. Halafu unajaza nyuma ya jiwe hilo mpaka halina pa kwenda, ndipo unashika la pili. Mimi nina kipimo changu: napitisha mkono katikati ya ukuta, nikiweza kuchomoa jiwe la kujazia kwa vidole viwili, hapo hapajajazwa, hata kama macho yanasema pamejaa.

Ukipata likizo ya kwenda Kenya, fika Thimlich Ohinga, kaunti ya Migori, upande wa Ziwa Viktoria. Ni maboma ya mawe makavu yaliyojengwa karne ya 16, kuta nyingine zinapita mita 4 kwenda juu, hakuna tone la udongo wa kubandikia. UNESCO iliyaingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2018. Waliojenga hawakuwahi kusikia habari za Yorkshire, lakini ukitazama pale ukuta ulipofunguka unaona mambo yale yale: uso wa nje, uso wa ndani, na katikati mawe madogo yanayovishika vyote viwili. Wajenzi wawili wasiojuana wakifikia jibu moja, mimi huacha kubishana.

Tatizo la vikundi vya kujitolea ni kwamba kazi ya kujazia haina mwenyewe. Kila mtu anataka jiwe la uso. Ndilo linaloonekana, ndilo analopiga nalo picha, ndilo atakalowaonyesha watoto wake akipita na gari. Nani atamwonyesha mtoto jiwe lililo tumboni? Miaka fulani nilikuwa na mama mmoja mstaafu ambaye mgongo ulikuwa ukimsumbua. Aliomba kazi ya kukaa. Nikampa ndoo aigeuze, akaikalia, akawa anapanga mawe ya kujazia siku nzima, akiyageuza mkononi kama mtu anayechambua mchele, hili hapana, hili ndiyo. Wenzake walimhurumia. Siku ya pili wakaanza kumgombania, maana upande aliokaa yeye mawe ya uso yalikuwa hayatikisiki. Kipande kile cha mita 8 nakipita mpaka leo, kina majira ya baridi 14, mstari wake ungali umenyooka.

Sasa picha ya tatu. Kuna jiwe zuri sana upande wa kulia, refu, kama sentimita 60, limelala kwa urefu kwenye uso wa ukuta. Nina hakika mlipoliweka mlipongezana. Linaziba nafasi kubwa kwa mara moja na uso wake umenyooka kama umekatwa. Ndilo lililoanguka la kwanza, nadhani, kwa sababu liko chini kabisa ya rundo. Jiwe la namna hiyo lina sentimita 60 za kuonekana na labda 12 za kushika. Huo si ukuta, hiyo ni kadi imesimama. Jiwe linaingia kwa urefu wake ndani ya ukuta, hata kama mkia wake ni mbaya na kinachobaki kuonekana nje ni kichwa kidogo cha sentimita 15. Ukuta uliojengwa vizuri huonekana una mawe madogo kuliko yaliyomo. Mafundi wa tofali wa kwetu wanalijua hili kwa njia yao, ndiyo maana wanavunja jointi, yaani hawaachi mstari wa kuungana ukae juu ya mwingine, na kulaza tofali nyingine kichwa mbele. Nanyi jointi mmezivunja vizuri, hilo nawasifu, nimeona mahali pawili tu ambapo mistari imepandiana zaidi ya safu mbili.

Nimefika kwenye mawe marefu ya kufunga, na hapa itabidi unisamehe nikikucheka kidogo.

Usawa wa kama sentimita 60 kutoka chini, ukuta huvukwa na mawe yanayotoka uso mmoja hadi wa pili, mengine yakichomoza pande zote mbili. Hayo ndiyo yanayozifunga zile kuta mbili zisiachane. Ukuta mrefu kwenda juu hupata safu mbili. Hati za ugawaji wa ardhi za Dales za mwishoni mwa karne ya 18 hazikumwachia fundi uamuzi: ukuta uwe na upana wa inchi 34 chini, na katika kila yadi 7, yaani mita 6.4, kuwe na mawe mazuri ya kufunga 21, safu ya chini 12 na ya juu 9. Kwa mita zenu 4 hiyo ni mawe 13. Ukuta wenu ni mfupi kwa kimo, tuseme safu ya chini pekee, ni 7 au 8. Siku hizi kinachofundishwa ni angalau moja kila mita, mimi naona ni ubahili lakini sawa, manne. Katika picha zote za ukuta wenu nimehesabu moja.

Mengine yako wapi? Yapo kwenye picha ya kwanza, dada. Mmekaa juu yake mkila keki.

Nimeyakuza. Ni mawe mawili, bapa, kila moja karibu sentimita 80, mmeyapanga kama benchi na watu watano wamekaa. Wala sishangai. Jiwe la hivyo lina kilo 70 na zaidi, hakuna aliyetaka kulinyanyua mpaka usawa wa goti, likaachwa pembeni "tutaliweka baadaye", na ukuta ukalipita. Halinyanyuliwi. Linapandishwa. Weka ubao imara kutoka chini hadi juu ya ukuta, mtu mmoja na mtaimbo nyuma, wawili pembeni wakilizungusha jiwe pembe kwa pembe, kijiwe cha kuzuia kila linapopumzika. Ni dakika kumi. Na mwulizeni mwenye shamba: mara nyingi mawe ya kufunga ya pengo huchukuliwa na watu kwa miaka mingi, moja limekuwa daraja la mfereji, jingine limekuwa kizingiti cha banda la kuku.

Picha ya nne ni ya mwisho wa pengo, pale kazi yenu ilipokutana na ukuta wa zamani. Kuna mstari wa wima tangu chini mpaka juu. Maana yake mliondoa yaliyoanguka, mkajenga katikati, mkasukumia kando. Ukuta wa zamani pembeni mwa pengo nao huwa umelegea, umekuwa ukiegemea hewa tangu pengo lilipotokea. Mrudi nyuma kila upande mpaka mfikie mawe yasiyotikisika, na mbomoe kwa ngazi, ili safu mpya ziingiliane na za zamani kama vidole vya mikono miwili. Pengo la mita 4 litakuwa la mita 5 au 5 na nusu. Hakuna anayependa kusikia hilo saa tatu asubuhi.

Mwenye shamba na saruji yake. Mjibuni kwa heshima, maana ametoa ardhi yake na kondoo wake wametoroka mara mbili kwa ajili yenu. Kwetu tunasema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ukuta huu ni nyufa tupu, na nyufa hizo ndizo zinazoufanya uishi. Msingi wake hauendi chini sana, mara nyingi ni mawe makubwa yaliyolazwa kwenye mtaro usiozidi sentimita 20 au 30. Ardhi ya kilimani inapovimba wakati wa baridi na kushuka wakati wa joto, ukuta mkavu unaifuata, unajikalia upya. Ukitia saruji, umegeuka kipande kimoja kigumu kisicho na msingi wa kipande kigumu. Unapasuka, maji yanaingia kwenye ufa na hayatoki, na siku ukianguka unaanguka vipande vikubwa. Mawe yake hayatumiki tena mpaka mtu ayagonge saruji moja moja kwa patasi. Ukuta wenu umeanguka, lakini angalia: mawe yote yapo, mazima, yanangoja Jumamosi. Mwambie hivyo. Umwambie pia, ukipenda, kwamba ndani ya nyufa hizo wanalala vyura na vicheche, na ndege wadogo wanataga humo. Hoja hiyo kwa mkulima hufanya kazi mara moja katika mara tatu.

Mkirudia, anzeni na kupanga mawe chini kabla hamjajenga chochote. Acheni njia ya kama mita moja kila upande mpate pa kusimama. Mawe ya juu kabisa, yale yanayosimamishwa wima kichwani mwa ukuta, yaende mbali zaidi kwa sababu mtayahitaji mwisho. Mawe ya kufunga yawekwe peke yake, hadharani, mtu asiyakalie. Ya kujengea, makubwa karibu, madogo mbali. Ya kujazia mafungu mafungu kando ya njia, na udongo uende kabisa nje, kwenye toroli, ukamwagwe mbali, na chepe nalo lifuate huko huko. Kwa ukuta wa huko hesabuni karibu tani moja na nusu hadi mbili kwa kila mita. Kupanga tani nane huchukua asubuhi nzima, na watu watalalamika kwamba hawajajenga kitu.

Simamisheni fremu mbili zenye umbo la ukuta, pana chini nyembamba juu, mfunge uzi pande zote mbili na kuupandisha kila safu. Nyuso mbili zipande pamoja. Upande wa mlimani mkiutangulia ule wa bondeni kwa safu mbili, mnajazia nini na kwa kuegemeza wapi? Mawe yalale sawa au yainamie nje kidogo sana, yasimwage maji tumboni.

Watu tisa kwa mita 4 ni wengi mno kwa mkupuo mmoja. Wawili kila upande wajenge, wawili wajaze, mmoja kila upande achague mawe na kusogeza, wa tisa awe na uzi na macho. Na kila saa mbadilishane, hasa wa kujaza, ili kila mtu ajue kazi ile ina uzito gani. Fundi aliyezoea hujenga mita 3 au 4 kwa siku, ninyi mkipata mita moja na nusu kwa siku nzima mmefanya vizuri. Mlipomaliza mita 4 kwa Jumamosi mbili pamoja na kubomoa, hapo ndipo mimi ningeanza kuwa na wasiwasi.

Watawaambia pia kwamba jiwe likishanyanyuliwa lisirudishwe chini, lazima lipate mahali. Wazee wa kazi hupenda msemo huo. Kwa fundi ni kweli, macho yake yamelipima kabla mkono haujafika. Kwa mgeni ni hatari, analilazimisha mahali lisipokaa kwa kuogopa aibu. Rudisheni chini tu.

Kama kikundi hakina mtu hata mmoja mwenye cheti, mpeleke mmoja. Dry Stone Walling Association, chama cha mafundi wa kuta hizi kilichoanzishwa 1968, kina matawi mikoani yanayofundisha wikendi, na hutoa vyeti kwa ngazi, unapewa kipande ubomoe na kukijenga upya mtahini akitazama. Unaweza kwenda wewe. Muuguzi ana macho ya kuona uvimbe kabla haujawa jipu.

Mkirudi kazini, nitumie picha ukuta ukiwa umefika juu lakini hamjaweka mawe ya kichwani. Piga kutoka juu, kukiwa na jua, tumbo lote lionekane. Mkishayaweka sitakuwa na la kukwambia mpaka Machi nyingine. Na yale mawe mawili ya benchi, niyaone yako ndani.